Hakuna wa Kumshika Mkono

Aliposikia mtu akihema pembeni yake darasani, Mochwari alidhani ni masikio yake tu. Dawati lile alilikalia peke yake. Mama yake alikuwa akiosha maiti hospitalini, na wenzake walipolijua hilo walimbandika jina la Mochwari, wakaapa kutomgusa. Aliyemgusa kwa bahati mbaya, hata kiwiko, alikimbilia bombani kunawa huku darasa zima likiangua kicheko. Kinara wao, msichana wa sauti tamu waliyemwita Malkia, akitaka kumpa chaki aliidondosha sakafuni. Mochwari mwenyewe alikwisha kumkataza mama yake kumshika mkono barabarani.

Pumzi ile haikukoma. Mwalimu akigeukia ubao tu, ilimjia sikioni, ya baridi, yenye harufu ya nywele zilizoungua. Kisha ikasema.

"Sogea kidogo. Umenibana."

Akasogea. Aliogopa, ndiyo, lakini zaidi alifurahi. Yule asiyeonekana alimuuliza kama amekula, kama amelala vizuri, mambo ambayo hakuna mtu pale shuleni aliyewahi kumuuliza, naye akawa anamjibu kwa kunong'ona, kiganja mdomoni, mpaka Malkia akagundua na kutangaza kwamba sasa Mochwari anapiga soga na maiti za mama yake.

Mapumziko yalipofika wenzake walimsukuma kwa mipini ya mafagio hadi stoo, wakafunga mlango, wakauegemea. Mle ndani mlinuka nywele zilizoungua. Alilia, akagonga, akabembeleza. Nje walikuwa wakiimba lile jina.

"Nipe nafasi yako," pumzi ikamwambia taratibu. "Uone watakavyokupenda."

"Chukua," akasema.

Walioegemea mlango waliacha kuimba, maana kule ndani kulikuwa na vicheko viwili, kimoja cha msichana na kingine kizito kama cha mzee mwenye kikohozi, na walipofungua wakamkuta amekakamaa chini, macho meupe, kucha zake zikikwaruza sakafu wakati mikono yenyewe haisogei.

Mwalimu alimwita mganga wa majini aliyeishi jirani, kisha akaenda ofisini kumpigia simu mama. Mganga akapiga magoti, akanusa, uso ukambadilika.

"Roho ya huyu bado haijatoka yote," akasema kwa sauti ya chini. "Mmoja wenu amshike mkono, amwite kwa jina lake. Upesi."

Hakuna aliyesogea. Mochwari alikuwa akiwasikia kama mtu aliyezama kisimani, akamngojea yeyote, hata Malkia.

"Basi niambieni jina lake nimwite mimi."

Wakatazamana. Hawakulijua.

Mganga aliukamata mkono ule akausomea dua bila jina, akatokwa jasho, akasoma tena, na kila aliposoma Mochwari alihisi anateleza kidogo kutoka vidoleni mwake, kutoka mabegani, kutoka kifuani, hadi akajikuta amesimama ukutani, mwepesi, akiutazama mwili wake pale chini, na hapo ndipo mama yake alipoingia mbio na aproni ya kazini, akamshika mkono, akamwita kwa jina lake.

Mboni za macho zikarudi.

"Nipo, mama," mwili ukajibu kwa upole.

Mganga akashusha pumzi, akasema jini limetoka. Mama akalia kwa shukrani. Malkia, sasa mwenye hofu na aibu, akaja kumkumbatia, na wengine wakafuata, wakigombania kumshika.

Kule ukutani msichana alipiga kelele. Alimwita mama yake, akamwita Malkia, akamwita kila mwenzake kwa jina, kwa sababu yeye majina yao aliyajua yote. Hakuna aliyegeuka. Walitoka nje pamoja, na yule aliyevaa uso wake alikuwa katikati yao, ameshikwa mikono yote miwili, akicheka.