Kikombe Kilichounguza Shamba la Mama

Nina miaka thelathini na minne, nauza nyanya hapa Tunduma. Wasomaji wenzangu, mkiniona nacheka na wateja msidhani nina raha... Nimeungua moyoni!

Mama yangu, mjane wa kule Mbebe, alitupa mimi na mume wangu shamba lake la mahindi tulime. Alisema tukilitunza, litakuwa langu moja kwa moja.

Magugu yakatuzidi. Mume wangu akavuka mpaka hadi Nakonde, akarudi na dawa ya magugu. Maelezo yake ni Kiingereza kitupu: aunsi moja kwa galoni ya maji. Bomba letu la kupulizia, lile la mgongoni, ni la lita kumi na sita. Aunsi tunaijulia wapi sisi?

Nikaenda kumuuliza muuza pembejeo. Akasema galoni ni kama lita nne, na aunsi ni kama mililita thelathini, yaani vijiko viwili vya chakula. Kwa hiyo bomba zima vijiko vinane tu. Nikarudi mbio kumwambia mume wangu. Lo! Akanicheka mbele ya vibarua.

"Mama Neema, kati yetu nani kasoma? Aunsi ni kikombe!"

Kwetu kila kitu tunapima kwa kikombe, maharage, mchele, hata mbegu. Basi akamimina vikombe vinne vya chai, vimejaa pomoni, kwenye kila bomba. Nilimsihi jamani... Akanifukuza nikapike.

Wiki haikuisha, mahindi yakageuka njano, yakakauka yote. Yote!

Mama alipokuja, mume wangu akawahi kusema. Eti mimi ndiye niliyechanganya! Eti alinionya nikaleta ubishi! Nililia, nikaapa, nikawaita wale vibarua. Wakatazama chini, maana yeye ndiye anayewapa kazi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mama akamwamini mkwe wake msomi. Shamba akampa baba mdogo. Nami ndoa ile ikanishinda, nikaondoka.

Ndugu zangu, kipimo usichokijua uliza, na chombo cha kupimia nunua. Nanyi wanaume, mkikosea semeni mmekosea! Msiwatwishe wake zenu.

Mama alipougua, nilimuuguza mwenyewe. Siku ya mwisho akanishika mkono. Nikajua sasa ataniuliza ukweli...

"Mwanangu," akasema, "lile la shamba nimekusamehe."

Akafumba macho kabla sijamjibu.