Nani Atamjibia Kulwa

Jumatatu asubuhi duka la kutolea kopi pale Makoroboi, Mwanza, lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Wanafunzi wa chuo waligombea mashine, mama mmoja alitaka cheti cha mwanawe kiwekewe plastiki sasa hivi, na Odeta, fundi cherehani wa Igogo, alisimama kaunta akisubiri karatasi yake itoke. Alivaa gauni la kitenge cha bluu alilojishonea mwenyewe, limembana kiunoni na kuachia chini. Mguu wake mmoja haukutulia. Uligonga sakafu kana kwamba hata hapo alikuwa akiendesha cherehani.

Karatasi ikatoka. Juu iliandikwa: Waliotutangulia, Sekondari ya Mawe Mawili. Chini yake yalipangwa majina thelathini na manne.

"Samahani, dada," ilisema sauti nyuma ya bega lake. "Huyo wa kumi na moja alizikwa lini?"

Odeta hakugeuka. "Kwani unamfahamu?"

"Kidogo. Ndiye mimi."

Hapo akageuka. Alikuwa kijana mrefu, ovaroli ya kijivu ameishusha na kuifunga mikono yake kiunoni, fulana nyeupe imefuliwa hadi imechoka, vidole vinanuka petroli. Macho yalikuwa yanacheka, mdomo haukucheka. Odeta akatazama namba kumi na moja. Doto Mashimba. Akaomba radhi mara tatu mfululizo, na duka zima likaangua kicheko. Mama wa cheti akamwambia kijana ashukuru, kwani wengi hawapati nafasi ya kujisoma wenyewe.

Walitoka nje pamoja. Kosa lenyewe lilikuwa la Kisukuma hasa. Pacha wa kwanza kutoka huitwa Kulwa, wa pili Doto, na pale Mawe Mawili hakuna aliyejisumbua kuwatofautisha wana wa Mashimba. Ukiita Kulwa akaitika Doto, mambo yaliendelea. Msiba ulipotajwa hatimaye mwaka huu kwenye kundi la simu la waliosoma pale, mmoja aliandika Kulwa, mwingine Doto. Odeta, katibu wa kundi, ambaye alikuwa nyuma yao madarasa mawili, akachukua jina lililoandikwa na wengi.

"Aliyekufa ni Kulwa," alisema Doto. "Pikipiki, njia ya Magu. Mwaka wa nne huu."

Odeta akatoa kalamu, akakata Doto, akaandika Kulwa juu yake. Akapuliza wino ukauke. Ndipo alipomwambia kwa nini orodha ile haikupaswa kuwa na kosa. Kila mwaka Jumamosi moja waliosoma Mawe Mawili hurudi kwenye uwanja wa gwaride na majina ya marehemu husomwa kama mahudhurio ya asubuhi. Jina likisomwa, yule aliyekaa dawati moja na marehemu husimama na kujibu kwa niaba yake: yupo. Mama Justa wa jikoni hujibiwa na wote waliowahi kuiba ukoko. Mwalimu Chenge wa hisabati hujibiwa na waliowahi kupata sifuri, nao ni wengi. Asiye na wa kumjibia hugongewa rimu la lori linalotumika kama kengele, mara moja, kisha jina linalofuata. Odeta alikuwa na wake, Sabina, wa dawati la dirishani, aliyefia leba. Mwaka wa kwanza Odeta alichelewa, akafika rimu limeshagongwa. Mlio ule bado anausikia.

"Kwa hiyo Kulwa utamjibia wewe," alisema. "Mlikaa pamoja."

Doto alitazama upande wa ziwa. "Msome. Mimi sitakuwepo."

"Una nini Jumamosi hiyo?"

"Kazi."

Odeta hakuamini, lakini alikuwa amekwisha kumpa namba yake ya simu.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa kwao kama miezi mitatu. Doto alikuwa fundi wa injini za boti, kibanda chake kikiwa ufukweni hapohapo Igogo, hatua chache kutoka kwenye duka la Odeta, na wote wawili walishangaa walivyopishana miaka yote hiyo. Asubuhi simu ya Odeta iliita kabla hajafungua mlango.

"Fundi, umeamkaje?"

"Nimeamka. Marehemu, wewe?"

"Kuzimu kuna mawingu leo. Umekula?"

"Nitakula ukija."

"Basi nafufuka saa saba."

Walikula kwa mama ntilie mmoja nyuma ya soko. Siku ya kwanza zililetwa sahani mbili za ugali na dagaa wa kukaanga kwa nyanya, na Doto akasogeza dagaa pembeni mmoja mmoja, kama mtu anayeokota mawe kwenye mchele. Odeta akamwuliza ni mtu wa Mwanza gani asiyekula dagaa. Akajibu kwamba hula Jumapili tu, tena kwa shida. Odeta akacheka akidhani ni utani.

Kuna mambo alipaswa kuyaona. Jumapili Doto hakupatikana kabisa. Kila siku saa kumi alasiri aliinuka popote alipo, akatoa mfukoni simu ndogo ya vitufe ambayo haikuwa ile anayompigia, akaenda kando. Akirudi alikuwa amechoka, kama mtu aliyebeba mzigo akautua. Odeta alimwuliza mara moja. Doto akamshika mkono, akambusu vidole vilivyochomwa na sindano, akasema siku moja atamwambia. Odeta hakumwuliza tena, lakini mguu ukaanza kugonga sakafu upya.

Jumatano ya wiki ya majina alimalizia shati jeupe la kola ndogo, amelishona bila kupima, kwa kukumbuka mabega tu. Alitaka kumwambia: livae Jumamosi, nitakuwa nimesimama karibu. Akashuka nalo ufukweni. Doto alikuwa amempa mgongo, ameegemea boti iliyopinduliwa, ile simu ndogo sikioni.

"Ni Kulwa," alikuwa akisema. "Nani mwingine? Nitakuja Jumapili, niandalie mapema. Lakini usimwambie Doto, hii ni siri yetu." Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kinene kinachotoka tumboni, na Odeta hakuwahi kukisikia kwa wiki zote tatu.

Doto alipogeuka, alimkuta amesimama na shati mkononi.

"Ni nani huyo?" aliuliza Odeta.

Doto akairudisha simu mfukoni. Maji yalikuwa yakilamba mawe.

"Ndiyo maana hutaki kumjibia," alisema Odeta, polepole. "Ukimjibia, huyo wa Jumapili atajua. Umechukua jina la ndugu yako aliyekufa, unatongozea."

"Odeta, usinilazimishe kulisema."

"Sikulazimishi. Mimi nina majina thelathini na manne ya kusoma, na watu wake wanayaheshimu."

Akalitupa shati juu ya boti, akapanda mlima wa kurudi dukani bila kutazama nyuma. Alipiga pasi gauni la mteja mara mbili bila kujua kama limeshanyooka.

Kesho yake Doto alikuja dukani, amevaa lile shati. Lilimkaa sawasawa, jambo lililomuudhi Odeta zaidi. Akamsalimu, hakujibiwa. Akakaa kwenye benchi la wateja karibu saa nzima huku Odeta akimpima bibi harusi mmoja wa Kiseke, pini zikiwa mdomoni ili asilazimike kusema. Mwishowe Doto akainuka. Akaiweka ile simu ndogo juu ya meza ya cherehani.

"Saa kumi itaita," alisema. "Mimi kuisema siwezi. Pokea mwenyewe."

Akaondoka. Odeta akaifunika simu kwa kipande cha kitambaa, kisha akakifunua, kisha akakifunika tena. Saa kumi kasoro dakika mbili alikuwa ameketi ameitazama tu. Ikaita.

"Kulwa?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, maneno yakitoka kwa taabu, kama yanapitia upande mmoja wa mdomo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Odeta. Niko Mwanza."

Mzee akatafakari. "Wewe ni wa Kulwa au wa Doto?"

Nje, muuza maji alikuwa akipita na mkokoteni. Odeta alisubiri upite, kana kwamba jibu lingeweza kubadilika.

"Wa Doto," alisema, na alipolisikia likitoka akajua hakudanganya.

"Wa Doto." Mama akavuta pumzi ndefu. Sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu anayefunga mlango kwanza ndipo aseme. "Basi niambie wewe, mwanangu, maana wenzako hapa wananificha. Kila Jumapili anakuja Kulwa peke yake. Nikimwuliza mwenzake, ananiambia yuko kazini. Miaka miwili ni kazi gani? Nasema moyoni, mtoto wangu alikufa nao wanaogopa kuniambia. Doto yupo?"

Odeta alishika ukingo wa meza. Neno lile alikuwa amelitamka kwa ajili ya Sabina mbele ya mamia ya watu. Hakuwahi kulitamka kwa ajili ya mtu aliye hai.

"Yupo, mama," alisema. "Yupo."

Dakika kumi baadaye alikuwa ufukweni, viatu mkononi. Doto alikuwa amekaa juu ya boti ileile akimsubiri, na sasa maneno yalimtoka yote kwa pamoja. Kiharusi kilimpata mama yao huko Magu miaka miwili baada ya mazishi, kikafuta miaka ya karibuni. Alipopata fahamu alimwulizia Kulwa. Wakamwambia, akalia kama siku ileile. Wiki iliyofuata akauliza tena. Wakamwambia, akalia upya, hata kula akaacha. Walimzika Kulwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mara ya nne mama alimtazama Doto mlangoni akamwita Kulwa, naye akaitika, kama alivyoitika shuleni mara elfu. Tangu hapo akawa anacheka kicheko cha Kulwa, anapanga siri za Kulwa na mama yao, na Jumapili anakula sahani nzima ya dagaa, kwa sababu Kulwa alikuwa akiwapenda.

"Na wewe?" aliuliza Odeta. "Doto huenda lini Magu?"

"Haulizwi Doto."

"Anaulizwa. Mama yenu ameniuliza mimi sasa hivi, nilipojitaja kuwa wa Doto. Anadhani mnamficha msiba wako."

Doto alishuka kwenye boti, akatembea mpaka maji yakamfika magotini, akasimama huko na shati lake jipya. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Kumbe orodha yako haikukosea sana," alisema.

Odeta hakumbembeleza. Alimfuta maji usoni kwa ncha ya khanga, akamwambia kwamba Jumamosi jina la Kulwa litasomwa la kumi na moja, na kama hakuna atakayesimama, rimu litagongwa. Atakayekuwa akisoma ni yeye.

Jumamosi uwanja ulijaa. Walikuja wenye mashati ya ofisini na wenye matope ya mpunga kwenye viatu, akina mama wenye watoto mgongoni, walimu wazee wakiketishwa viti vya mbele. Odeta alivaa gauni jeupe lisilo na urembo wowote. Mama Justa alijibiwa na umati wenye kicheko na machozi pamoja. Sabina alijibiwa, na sauti ya Odeta haikukatika. Kisha akafika kumi na moja.

"Kulwa Mashimba."

Upepo ulipitisha vumbi miguuni mwa watu. Mzee Ngosha, mlinzi, aliyeshika chuma cha kugongea rimu, akamtazama Odeta. Odeta hakutikisa kichwa. Akalisoma tena, jambo lisiloruhusiwa. Mzee Ngosha akainua mkono.

Nyuma kabisa mtu mrefu aliyevaa shati jeupe alisimama. Watu wakamgeukia, wengine wakashtuka, kwa kuwa walijua uso ule kuwa wa marehemu na hawakujua wa yupi.

"Hayupo," alisema Doto.

Mnong'ono ukapita uwanjani. Hakuna aliyewahi kujibu hivyo pale. Doto akabaki amesimama, mikono imelegea, akilia bila kujificha, kama mtu aliyefika mazishini miaka minne baadaye. Mzee Ngosha akateremsha mkono polepole, rimu halikugongwa. Odeta akasubiri mpaka alipoketi ndipo akasoma jina la kumi na mbili.

Waliachana na umati saa kumi kasoro, wakakaa juu ya ukuta mfupi nyuma ya jiko la shule, ziwa likimetameta chini yao.

"Kesho twende Magu," alisema Doto.

"Niende kama nani?"

"Kama ulivyojitaja."

Simu ndogo ikaita. Doto aliitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba Odeta alidhani itakatika. Akapokea.

"Kulwa?"

"Kulwa haji kesho, mama," alisema, kwa sauti yake mwenyewe iliyo nyembamba kidogo. "Nakuja mimi."

Odeta aliegemea bega lake asikie vizuri, na akasikia pumzi za mzee zikipanda na kushuka.

"Doto?"

"Ndiyo, mama."

"Ungesema mapema," alisema mama, na sauti ikamkwama, kisha ikaendelea. "Ngoja nichambue maharage. Wewe dagaa huli."