Mlio Kichwani mwa Libérat

Sokoni Uvira watu walikuwa wakisongamana kwenye mafungu ya ndagala, vidagaa vya ziwani, na dereva wa lori Libérat akageuka ghafla akamkanyaga Honorine mguu. Honorine alikuwa mshonaji wa mtaa wa Kilibula, amevaa gauni la manjano alilojishonea.

"Weye unaendesha kamio namna hii?"

"Kamio iko na breki. Minye sina," Libérat akajibu, akachutama kumpangusa kiatu.

Honorine alicheka bila kutaka. Tangu hapo, kila kamio ya pamba iliyoshuka kutoka Runingu, kwao Libérat, ilimfanya atoke mlangoni, na Libérat alisimama kumsalimia.

Mvua zilipoanza, kamio ya Libérat iliteleza ikapinduka. Aligonga kichwa, akazimia, akazinduka. Akasema ni jeraha dogo, akarudi kazini. Kisha akaanza kupotea. Akipita Kilibula hasimami. Honorine alipomwita barabarani, Libérat aliongeza mwendo.

"Amepata mwingine," majirani walisema.

Honorine alishona mkono wa gauni upande usio wake, akafumua, akaushona vilevile. Kukaa kukamshinda. Akafunga mlango, akapanda gari la Runingu.

Candide, dada yake Libérat, alimpokea bila kumtazama. "Iko nyuma ya nyumba. Hataki muntu."

Libérat alikuwa ameketi, uso kauelekeza ukutani.

"Jina lake nani?" Honorine aliuliza.

"Ya nani?"

"Ya ule mwanamuke."

Libérat akageuka. Jicho lake la kulia lilikuwa limetokeza nje, jekundu, mishipa imejikunjakunja kwenye weupe wake. Lilikuwa likidunda. Honorine hakurudi nyuma.

"Nikikutazama naona Honorine wawili," alisema Libérat. "Na mu kichwa iko kitu inavuma, fuu, fuu, haipumziki. Banasema nimerogwa, ama ni wazimu. Weye utaolewa na mwenda wazimu?"

Honorine alipiga magoti, akaweka sikio kwenye panja lake. Mwanzoni hakusikia kitu. Kisha mlio ukaja, kama pumzi ya mtu aliyekimbia.

"Nausikia."

"Unanidanganya."

Honorine akaanza kugonga goti la Libérat kwa kidole, kila mlio ulipokuja. Kidole na mlio vilikwenda pamoja. Libérat akalia.

Walivuka mto Ruzizi mpaka hospitali ya Usumbura. Daktari Mbelgiji alisikiliza jicho kwa mipira yake ya masikio, kisha akabonyeza shingo ya Libérat kwa dole gumba.

"Imenyamaza," Libérat alinong'ona.

Daktari akaeleza: ajali ilipasua mshipa mkubwa nyuma ya jicho, damu inavuja mahali pasipo pake. Angeufunga mshipa wa shingoni unaoipeleka damu hiyo. Mgonjwa angeweza kupona, kupooza, au kufa. Wasipofanya kitu, jicho litapofuka.

"Nikipooza?" Libérat alimwuliza Honorine.

"Nitakushonea kaptula. Suruali ni ngumu kuvalisha."

Alipozinduka baada ya upasuaji, kichwani kulikuwa kimya. Siku zilivyopita jicho lilirudi mahali pake na wekundu ukafifia. Lakini kuona hakukurudi. Jicho hilo lilitambua mwanga tu.

"Hakuna atakayenipa kamio tena," alisema wakisubiri gari la kurudi. "Tafuta mwingine, Honorine. Sitakasirika."

"Minye nitakasirika," Honorine alisema. "Unanioa ama hunioi?"

Libérat alitazama barabara, akamtazama Honorine.

"Baba yako atataka ng'ombe."

"Muulize yeye. Minye nimekuuliza weye."

Jumapili iliyofuata Libérat aliketi mbele ya baba yake Honorine. Alimgeukia dada yake, na Candide ndiye aliyemwombea mke.