Lori Lisilo na Dereva

"Viazi vimechemka."

Maneno mawili tu kwenye redio ya Motorola, na Prisila, mpelelezi wa polisi, akaiacha chai yake mezani pale stendi ya Makambako. Yaani lori la mbegu zenye ugonjwa wa mnyauko limeshaingia. Kampuni moja ya ng'ambo ilitaka viazi vya Njombe vifie shambani, ili mwakani watu wapige magoti kununua mbegu zake. Ugawaji wa mbegu ulikuwa kijijini Kifanya, saa nne asubuhi. Sasa ilikuwa saa mbili na nusu. Na kwenye foleni ya Kifanya, gunia tupu kwapani, alisimama mama yake mzazi.

Geti la ukaguzi wa mazao, hatua chache kutoka stendi. Malori mia tatu na kumi na mawili kwenye orodha, yote yamekaguliwa, yote safi.

Safi mno.

Prisila alimuuliza karani wa geti, Joackim, dereva akigoma kutaja jina wanafanyaje. Joackim akajikuna kisogo.

"Mashine haikubali bila jina, afande. Foleni ikizidi, tunabonyeza kile kibao kirefu cha chini, cha kuacha nafasi. Inapita."

Nafasi tupu! Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga hawakukosea. Akaifungua programu ya geti. Humo kila lori lilikuwa kitu kimoja, kimebeba namba yake, saa yake na jina la dereva. Kabla ya orodha kwenda kwa wakaguzi, mstari mmoja uliichuja: yabaki yale tu ambayo jina si tupu. Fundi aliona mapengo yanachafua karatasi, bwana wee, akayafagia. Akalifagia na lori lenyewe.

!jina.isBlank()

isBlank ndiyo "tupu"; ile alama ya mshangao ya mwanzo ndiyo "si". Prisila akaifuta.

Orodha ikasinyaa mpaka mstari mmoja. Fuso nyeupe. Imepita getini saa mbili na dakika kumi. Njia ya Njombe.

"Abdulatif, washa gari."

Abdulatif, dereva wake, alishashika ufunguo. Land Cruiser ikaila lami, ukungu ukipasuka mbele ya taa. Prisila aliogopa, ya nini kuficha? Gunia moja tu likifika, shamba la mama limekwisha, na la jirani, na la jirani wa jirani.

Waliiona Fuso mlimani, kabla ya Njombe mjini. Abdulatif akaipita, akaiweka Land Cruiser kati kwa kati ya barabara. Breki zikalia. Dereva akapeleka mkono chini ya kiti.

Glock ya Prisila ilikuwa imeshagusa sikio lake.

"Mikono juu. Jina?"

Dereva akageuza uso.

"Leo kibao kirefu hakikusaidii, kaka."

Pingu zikafunga. Magunia themanini, yote ya kuchomwa. Simu ikaita.

"Kamwene, mwanangu," mama akasema. "Lori la mbegu mpaka sasa halijafika. Hii serikali yenu!"

"Halitakuja, mama. Rudi nyumbani, panda zile ulizohifadhi mwaka jana."

"Umejuaje kama sijazila?"

Prisila akacheka, akachomeka bastola kiunoni, akaenda kutafuta chai nyingine.