Kiti Kisichokauka

Rangi ilikauka kila mahali isipokuwa kwenye kiti.

Mabawa ya ndege yao ya rimoti yalikauka, mkia ukakauka, hata ule mstari wa njano wa ubavuni uliopakwa mwisho ulikuwa ukigusika bila kuacha alama. Lakini kile kiti kidogo cha plaiwudi ndani ya chumba cha rubani, kiti kisichozidi kiganja, kilibaki kibichi. Msasa alikigusa asubuhi, kidole kikatoka chekundu. Alikigusa tena mchana, kidole kikatoka chekundu, na safari hii rangi ilikuwa na uvuguvugu.

Akalaumu thina, ile dawa ya kuzimulia rangi. Fundi akikwama hulaumu vifaa, na yeye alikuwa fundi kabla hajawa mwanafunzi wa chuo, hata kama nyumbani kwao hakuna aliyekuwa tayari kulitamka hilo. Msasa halikuwa jina lake. Alibandikwa jina hilo na kaka yake, kwa sababu mikono yake haikukoma kusugua mbao, na pia, kama kaka alivyopenda kuongeza mbele ya wageni, kwa sababu ulimi wake nao ulikwaruza.

Kaka mwenyewe alijiita Kapteni. Ndege aliziona zikipita juu ya bati kama sisi wengine. Kazi yake ilikuwa kutengeneza simu kibandani, na mchango wake katika ndege hii ulikuwa rimoti, basi. Mbavu za mabawa nani alizikata? Msasa. Kitambaa nani alikivuta kwa pasi mpaka kikawa kinalia kama ngoma? Msasa. Ile injini ya msumeno wa kukatia miti, iliyotupwa imekufa, nani aliifufua akiwa na grisi hadi kwenye nyusi? Lakini ndege ilipoanza kupendeza, mabawa yake mapana kuliko kitanda cha mama yao, ghafla ikawa ndege ya Kapteni, kwa hoja kwamba mwenye rimoti ndiye mwenye ndege. Kwa hoja hiyo, mwenye kiberiti ndiye mpishi.

Siku walipomaliza chumba cha rubani, Msasa alitaka kuchonga kinyago kidogo cha kukaa kitini, kama wafanyavyo waundaji wengine wa ndege hizi. Kapteni alikataa. Alisema wanasesere ni wa watoto, na rubani yupo, atasimama uwanjani na rimoti yake watu wamwone. Msasa akamwomba basi Jumamosi, siku ya kuirusha, amwachie arushe mzunguko mmoja tu. Kapteni alicheka mpaka akauegemea ukuta.

"Wewe sugua, mdogo wangu," alisema. "Angani tuachie sisi."

Akaenda zake kibandani. Msasa akabaki na hasira yake, ameinamia kile kiti, brashi mkononi. Akawa anapaka na kunong'ona, taratibu, kama anayetia sahihi.

"Kiti hiki nampa yeyote anayekitaka. Yeyote, ilimradi si yeye."

Karakana ilikuwa tupu. Yeye alidhani hivyo.

Ndege ikishapakwa rangi huongezeka uzito, kwa hiyo haitoki nje kabla ya kupimwa upya. Watu wawili huinyanyua kwa ncha za vidole chini ya mabawa. Ikilala sawa, pua imeinama kidogo, ni salama. Mkia ukizama, itaanguka. Alasiri ile, kiti kikiwa bado kibichi, waliipima Msasa na mama yake. Mkia ukazama. Msasa akabandika puani vipande vya risasi, vile vinavyosawazisha magurudumu ya magari, ndege ikalala sawa. Wakaiweka chini, wakainyanyua tena kuhakikisha. Mkia ukazama kuliko mwanzo, kisha ukapanda kidogo, kisha ukazama tena.

"Kama mtu anayejisogeza apate kukaa vizuri," mama alisema akicheka. Halafu akaacha kucheka.

Kuanzia hapo karakana haikuwa ile waliyoizoea. Chini ya ukali wa thina kulikuwa na harufu nyingine, harufu ya nywele zilizoungua, na haikutoka hata madirisha yalipofunguliwa yote. Kifuniko cha plastiki angavu juu ya chumba cha rubani kilianza kuwa na ukungu, na Msasa alipoufuta kwa kitambaa haukufutika, kwa maana ulikuwa upande wa ndani.

Kapteni aliporudi kutoka kibandani mvua ilikuwa imeanza, na umeme ulikuwa umekatika. Aliingia akipiga mluzi, akawa anazunguka ndege yake akiisifu, na Msasa, aliyekuwa anakunja gazeti lililochafuka rangi, akasikia zile mota ndogo za mkiani zikilia, zii, zii, akageuka kumwambia kaka yake aache kuchezea rimoti, akaona kwamba rimoti iko mezani mbele yake na betri ya ndege iko juu ya rafu ilikowekwa tangu asubuhi, na bado usukani wa mkia ulikuwa ukigeuka, zii, Kapteni akienda kulia ukaenda kulia, zii, akienda kushoto ukaenda kushoto, bila haraka, kama shingo ya mtu anayemfuatilia mwingine kwa macho huku akingoja amalize maneno yake.

Kapteni alisimama. Usukani nao ukasimama.

"Msasa," alisema kwa sauti ya chini sana. "Betri umeichomoa?"

Msasa akamwonyesha rafu kwa kidole.

Mama ndiye aliyekwenda kumleta mganga, mwanamke mfupi mwenye miwani mizito, aliyeingia na viatu vyenye tope bila kuomba radhi. Hakufukiza kitu. Alinusa, akachungulia kifuniko, akatazama ule ukungu ukipanuka na kupungua, ukipanuka na kupungua. Akasema jini huyu hakuvunja mlango. Amekaribishwa, amepewa kiti, na mgeni aliyepewa kiti hafukuzwi na mpita njia. Atatolewa na kinywa cha aliyekitengeneza: atamke kwamba kiti ni kazi ya mikono yake, amwambie atoke, na amwambie arudi alikotoka.

"Hilo la mwisho msilisahau," alisema. "Asiyeambiwa pa kwenda huondoka na mwenyeji wake." Kisha akavua miwani. "Sasa. Kiti hiki kimetengenezwa na nani?"

"Mimi," Kapteni alisema.

Alisema vile vile alivyokuwa akiwaambia wateja, majirani, na mtu yeyote aliyesimama karibu, na labda kwa wakati ule alikuwa akiamini kabisa. Mama aliangalia sakafu. Na Msasa, yeye ambaye chuoni hakuna mjadala alioutoka bila neno la mwisho, alinyamaza. Kusema kiti ni chake kungemlazimu kusema na alichokinong'ona.

Kapteni akatamka maneno yote kama alivyofundishwa. Ukungu ukatoweka. Harufu ikapungua. Mganga akakigusa kiti, kidole kikatoka kikavu, mama akashusha pumzi, na watu wakaanza kuulizana habari za chai.

Msasa hakunywa. Alimfuata kaka yake nje, chini ya kipaa kinachodondosha maji, akamweleza yote: kiti, hasira, mnong'ono. Akamwambia jini ameambiwa na asiyehusika, kwa hiyo hajaambiwa, na neno alilopewa na Msasa lilikuwa moja tu, kwamba akae yeyote ila Kapteni, naye Kapteni ndiye aliyejidai mwenye kiti. Akamsihi asiirushe.

Kapteni alimtazama kwa masikitiko. "Kila kitu lazima kiwe chako, ee? Hata jini unataka awe wako?"

Jumamosi anga lilikuwa safi. Mlango wa karakana uling'olewa ili mabawa yapite, na uwanjani watu walijipanga pembeni kutazama. Injini ikanguruma, ndege ikakimbia nyasini, ikainuka. Ilikuwa nzuri, lazima isemwe, nyekundu na njano, ikikata anga kama wembe, na kwa dakika ile Msasa alisahau kuogopa kwa sababu alikuwa anaitazama kazi yake ikiruka.

Kisha Kapteni akasukuma kifimbo cha rimoti kulia na ndege ikaenda kushoto. Akapunguza mafuta, injini ikazidi kulia. Ndege ikazunguka uwanja polepole ikitafuta, ikaacha waliokaa, ikaacha waliosimama, ikainamisha pua, na panga la mbao linalozungushwa na injini mbele yake, refu kama mkono wa mtu mzima, likageuka duara jeupe lililomlenga Kapteni kifuani, naye hakukimbia, akawa anabonyeza na kubonyeza rimoti iliyokwisha kuwa kipande cha plastiki tu, na watu wakatawanyika, na harufu ya nywele zilizoungua ikashuka juu ya nyasi kabla ya ndege yenyewe, na Msasa akajikuta anakimbia, amemfikia, amesimama mbele ya kaka yake na mikono ameitandaza, macho kwa macho na kile kifuniko kilichojaa ukungu.

"Kiti nimekitengeneza mimi," alisema. "Nimekupa mimi. Toka."

Injini ilizimika. Ndege ikainua pua, ikateleza juu ya nyasi, ikaja kusimama miguuni pake kwa upole kama mnyama aliyefugwa.

Kapteni alikaa chini palepale. Watu waliporudi wakipiga makofi, wakimsifu rubani, alitikisa kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba ndege hii imeundwa na mdogo wake, yote, kuanzia pua mpaka mkia. Akamwekea rimoti mikononi. Hapo ndipo Msasa alipolia, na walioona walidhani ni furaha. Kwa kiasi fulani ilikuwa furaha.

Nyumbani waliipima tena. Ililala sawa juu ya vidole, nyepesi, haina kinyongo. Kiti kilikuwa kikavu kama mfupa. Mama akapakua chakula, Kapteni akaketi kwenye benchi la upande wake akisimulia kila kitu upya, safari hii bila kujitia ndani, na Msasa akaketi peke yake kwenye benchi la upande wa pili.

Mama akasimama na bakuli mkononi.

"Mbona unakaa ukingoni hivyo, mwanangu? Unampisha nani?"

Msasa akatazama. Kweli alikuwa amebana mwishoni kabisa, na hakujua tangu saa ngapi. Alitaka kurudi katikati. Ndipo yale maneno aliyoyasahau uwanjani, yale ya mwisho, ya kumwambia arudi alikotoka, yakamjia mdomoni, na kabla hajayatoa benchi likalia kando yake, likazama kidogo, likapanda kidogo, likazama tena, kama kwa mtu anayejisogeza apate kukaa vizuri.