Picha Iliyorudishwa

Kila siku baada ya masomo, Kiherehere alipitia kazini kwa shangazi yake, katika jengo la nyaraka za mkoa. Jina hilo alipewa na mama yake kwa kuwa hakungoja kutumwa: ukigeuka tu, ameshaosha vyombo, na kimoja ameshakivunja. Wiki hiyo alikuwa akiandika historia ya shule yao, na shangazi alimletea mezani picha ya wanafunzi wa kwanza kabisa. Haikuwa na nakala popote.

Ukutani palikuwa na tangazo: "Ukimaliza, acha kila kitu mezani." Kiherehere alilisoma akaguna. Nyumbani kwao ukiacha kitu mezani unasemwa mpaka masikio yanawaka moto! Basi shangazi alipotoka kupokea simu, mtoto mwenye adabu zake akaichukua picha, akaitia ndani ya boksi rafuni, akaenda zake roho kwatu.

Kesho yake alimkuta shangazi juu ya ngazi, macho yamemvimba.

"Ile picha haionekani, mwanangu. Mkuu wa ofisi anasema nimeiuza. Isipopatikana leo, sina kazi. Hebu nishikie ngazi."

Kiherehere aligeukia rafu. Maboksi yalijaa ukuta mzima, yote rangi moja, na hakukumbuka ni lipi. Alijua jambo moja tu: picha haikuwa huko juu, maana yeye hafiki. Lakini akisema, shangazi hatamkaribisha tena, na baba atamtoa roho. Akashika ngazi, akiomba picha ijitokeze yenyewe.

Haikujitokeza. Jioni mkuu wa ofisi aliingia, akamwambia shangazi akusanye vitu vyake. Shangazi hakubisha. Alichukua kikombe chake, akavua kitambulisho shingoni, kisha akajifunika uso kwa viganja, akalia kwa kwikwi kama mtoto mdogo.

Kiherehere hakuweza tena kuvumilia.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Shikamoo mkuu, ni mimi! Niliirudisha mwenyewe!"

"Uliirudisha wapi?" mkuu aliuliza, hata salamu hakuitikia.

"Boksi silijui. Lakini ni rafu za chini. Za juu sizifikii."

Shangazi alimgeukia. "Ndiyo maana tunasema viachwe mezani," alisema polepole. "Humu ndani, kitu kikiingia boksi lisilo lake, kimekufa."

Mkuu alivua koti. Wote watatu wakapiga magoti, wakafungua boksi baada ya boksi, vumbi likiwakaba koo, mpaka wakaikuta picha imelala katikati ya ramani za mabomba ya maji. Mkuu aliiokota, akamwomba shangazi radhi, akamrudishia kitambulisho chake.

Walipobaki wawili, Kiherehere hakuthubutu kuinua macho.

"Kuirudisha hukuirudisha kwa ubaya," shangazi alisema. "Kila mtu hukosea. Lakini tangu ulipofika nimepanda na kushuka, nawe umenishikia ngazi huku ukijua ninatafuta pasipo kitu. Ukikosea, mwanangu, sema mapema. Aliyepoteza ndiye anayejua tuanzie wapi kutafuta."

Kiherehere alilia, na shangazi akamwacha alie.