Rupia za Kambi ya Reli

Chumba cha makaa, nyuma ya bucha moja Kikopey. Kigen, mkubwa wao, alichora ramani kwenye karatasi ya kufungia nyama. Mraba: magofu ya duka lililowauzia wajenzi wa reli chakula, siku hizi katikati ya shamba la mtu, upande wa Kariandusi. Mwenye duka alizika rupia zake za fedha akafa bila kuzifukua.

Kesho ni Jumapili. Mlinzi huenda kanisani saa tatu, hurudi saa sita. Jepleting atashika mashine ya kunusa chuma. Wasike atachimba. Mgao ni sawa kwa sawa.

"Tukishikwa ni jela," Kigen akasema. "Vitu vya kale vina wenyewe."

Saa tatu na robo. Wakaficha gari lao, Probox, vichakani, wakaingia.

Saa nne na nusu. Misumari kumi na tisa. Kopo la samaki. Kiatu cha punda. Kila mashine ilipolia Wasike alichimba, na kila alipochimba alitoa takataka. Zamani aliacha kazi ya machimbo ya mawe kwa sababu ya mgongo. Leo mgongo uleule ulimkata kama msumeno. Malengelenge yakapasuka. Akaomba apokezane na Kigen. Kigen akajifanya anaangalia barabara.

Saa tano. Karibu na ukuta mashine ililia kwa muda mrefu. Jepleting akavua vidude vya masikio, akamtazama Kigen kwanza.

"Msumari," akasema.

Hakumwambia Wasike achimbe pale. Alimpeleka nyuma ya mgunga, mahali ukuta haukuonekana, akamwonyesha kwa kidole.

"Hapa. Iko chini sana. Usisimame."

Wasike alichimba hadi kiunoni. Udongo mtupu. Akatukana jembe, akatukana wafu na rupia zao. Ndipo aliposikia injini.

Alipotoka shimoni, Probox ilikuwa inatimua vumbi jeupe kuelekea barabara kuu. Kando ya ukuta palikuwa na shimo lisilofika hata goti. Ndani yake, alama ya duara ya kutu, mahali mkebe wa rupia ulipokaa miaka yote hiyo. Rupia moja ilikuwa imedondoka. Yeye alichimba asubuhi nzima. Wao waliimaliza kazi kwa panga, dakika kumi.

Saa tano na dakika arobaini. Mlinzi, mzee Sitati, alitokea na suti yake ya kanisani, Biblia kwapani, vijana wawili wenye rungu nyuma yake. Wasike hakukimbia. Mgongo haungekubali. Akauliza tu mzee amejuaje.

"Nimepigiwa simu na mtu ambaye hakujitaja. Akasema nitapata mwizi mmoja hapa."

"Mmoja?"

"Mmoja."

Wasike akaketi juu ya rundo la udongo. Akamwekea mzee ile rupia kiganjani.

"Uko na kalamu, mzee?"

Akataja nambari ya Probox polepole, herufi moja moja, akarudia ya mwisho. Kisha majina mawili, yote kamili. Kisha nyumba ya Kigen kule Nakuru, rangi ya geti, na mlango wa nyuma ambao polisi wangeusahau.